Dirisha Namba Ngapi

Siku hizi mtu akiniuliza nafanya kazi gani, namjibu kwa kirefu mpaka mwenyewe ajute kuuliza. Namwambia kuna jengo refu la vioo katikati ya Dar es Salaam, kwenye mtaa wa mabenki, na kwamba mimi huning'inia kwa kamba kutoka juu ya paa lake nikiwa na ndoo ya maji ya sabuni, nikiosha vioo vile kuanzia juu hadi chini. Kwa nje, nasisitiza. Kwa kamba. Akiwa na haraka, shauri yake. Sifupishi tena maneno, kwa sababu kufupisha maneno kulibaki kidogo tu kuninyime mke.

Neno lenyewe ni dogo: dirisha.

Nilipoipata kazi hii nilirudi nyumbani Mlali kumpa mama habari. Nilimkuta uani anapepeta maharage. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kinu kilicholazwa, nikamwambia nimepata kazi.

"Wapi, baba?"

"Dar. Kwenye jengo la benki."

"Benki! Kazi gani?"

"Ya kwenye madirisha."

"Dirishani?"

"Ndiyo mama, dirishani."

Mama akaweka ungo chini. Akasema alhamdulillahi, akainua mikono, akaniombea dua ndefu ambayo nilishangaa kidogo urefu wake, maana hata mimi sikuiona kazi yenyewe kuwa kubwa kiasi hicho. Nikadhani anafurahi tu kwamba nimeacha kuzungukazunguka mjini. Jioni ile alichinja kuku.

Naomba ieleweke kwamba hakuna aliyesema uongo hapo. Mimi niliposema dirisha nilimaanisha kioo kilichowekwa ukutani ili mwanga uingie. Mama alisikia dirisha analolijua yeye, lile la benki ya Morogoro mjini, ambalo ukishapanga foleni mpaka miguu ikauma unamkuta nyuma yake kijana mwenye tai anakuuliza akusaidie nini. Kwetu ukisema fulani yuko dirishani benki, hakuna anayewaza ndoo na sabuni. Watu wanawaza tai. Basi nikarudi Dar nikiwa nimeacha nyuma yangu kijiji kizima kinachonivalisha tai, na mimi sina habari.

Dalili zilikuwepo, ila mimi ni mzito. Kila nikija nyumbani, jirani yetu mwenye genge la nyanya alikuwa ananihoji.

"Eti mwanangu, huko dirishani mnakaa au mnasimama?"

"Tunakaa, mama. Kuna kibao maalumu."

"Kibao? Benki kubwa vile wanawakalisha kwenye kibao?"

"Kiko imara, usihofu."

"Nasikia viti vyao vinazunguka."

"Chetu kinazunguka upepo ukivuma."

Alicheka mpaka akashika nguzo ya genge. Siku nyingine akaniuliza kama ni kweli kule ndani kuna baridi mpaka watu wanavaa makoti. Nikamjibu asubuhi baridi ipo kweli, lakini jua likishapanda unaungua mgongo. Akasikitika, akasema basi kiyoyozi chao kibovu. Akauliza na hiyo nguo ya kujifunga shingoni, hainibani? Nikamwambia sisi hatufungwi shingoni, tunafungwa mikanda kifuani na mapajani. Hapo hakucheka. Alinitazama kwa huruma, akaniongezea nyanya kwenye mfuko.

Watu wa Mlali wanapenda masihara, nami nilijua wananitania. Nikawa nawajibu kwa furaha, kila jibu likizidi kunichimbia shimo.

Sasa niseme kidogo juu ya jengo, maana ni la kusemwa. Ukiwa chini barabarani unaliona kama kioo kimoja kilichosimamishwa, mawingu yanapita ndani yake. Ukilikaribia kwa kamba unaona kwamba lina uso kama mtu. Lina mikwaruzo, lina alama za ndege waliojigonga, lina vumbi la upande wa barabarani ambalo ni jeusi, na upande wa bahari lina chumvi inayoganda kwenye kioo kama ukurutu. Sisi wawili ndio tunaouosha uso ule, mimi Mluguru na mwenzangu Mnyamwezi, ambaye kwa hiyo ni mtani wangu na ana ruhusa ya kunitukana siku nzima. Ruhusa hiyo anaitumia yote.

Siku ya kwanza msimamizi alinisimamisha ukingoni mwa paa anione kama nitatetemeka. Sikutetemeka. Shamba la kwetu liko juu kidogo ya Mlali, kwenye mteremko ambao boga likikuponyoka unalifuata bondeni, na pengine unalikuta kwa wenyewe limeshapikwa. Mama amelima pale maisha yake yote, mguu mmoja juu, mguu mmoja chini, na mimi mgongoni mwake. Mtani wangu aliposikia habari za boga alikaa chini akacheka. Tangu hapo kila tukianza kushuka ananiambia, "Haya Mluguru, boga limeponyoka, twende."

Kilichonipa tabu si urefu. Ni watu wa ndani. Unashuka mbele ya uso wa mtu, mmetenganishwa na kioo tu, ungeweza kumhesabia vifungo vya shati, naye hakuoni. Anaendelea na simu yake. Nimemwona mkubwa mmoja anajifunza hotuba peke yake, mkono mmoja mfukoni, anajipigia makofi. Nimemwona mama mmoja akila mihogo ya kukaanga kwa kuificha kwenye droo, anavuta droo, anachukua kipande, anaisukuma. Nilimpenda sana yule mama. Mwanzoni nilikuwa nikimwona mtu mzima naamkia, si kwa kufikiri, ni malezi tu. Nainamisha kichwa, nasema shikamoo, mdomo wangu unatia ukungu kwenye kioo. Hakuna kinachorudi.

"Acha kujisumbua," mtani wangu aliniambia. "Shikamoo haipenyi kioo."

Nikaacha, lakini nilikuwa naona vibaya, kama mtu aliyepita mlangoni kwa wazee bila kubisha hodi.

Msichana niliyekuwa nikimwota mimi alikuwa Morogoro. Anauza vitambaa kwenye duka la familia moja ya Kihindi mjini, na nyumbani kwao ni Kilakala. Nilimpata kwa sababu ya kitambaa cha kanga cha mama. Nilirudi kukibadilisha, nikarudi kukibadilisha tena, mpaka bibi mwenye duka akaniuliza kwa nini mama yangu hapendi rangi yoyote duniani. Yeye binti alijua kazi yangu vizuri. Aliwahi kuja Dar akasimama chini, kiganja usoni kuzuia jua, akanitazama mpaka nikashuka. Nilipofika chini aliniambia kitu kimoja tu: "Usiniambie siku unayopanda. Niambie ukishashuka." Basi kila siku nikishashuka nampigia. Ndiyo mapenzi yetu yalivyokuwa.

Kwao pia aliulizwa mchumba anafanya nini. Akajibu vile vile nilivyojibu mimi: yuko Dar, jengo la benki, kwenye madirisha. Na kwao pia wakasikia tai.

Nikapeleka posa. Baba yake yupo, mtu mpole, anapenda redio na hana neno. Lakini kwetu Uluguruni binti ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye neno la mwisho ni mjomba. Mjomba mwenyewe anakaa juu mlimani, huko ambako gari linachoka na mtu anaendelea kwa miguu. Ni mrefu, mwembamba, kofia yake ya kufuma haitoki kichwani, na sauti yake ilinishtua siku ya kwanza aliponikaribisha kiti. Wale wa juu hawapigi simu kumwita jirani aliye ng'ambo ya korongo. Wanapaza sauti tu, na jirani anaitika. Mjomba alikuwa anaongea sebuleni Kilakala kana kwamba sisi sote tuko ng'ambo.

Aliuliza habari za mama yangu, za mvua, za bei ya kabichi. Habari za kazi hakuuliza. Baada ya siku chache mshenga akaniletea maneno: mjomba anasema kijana amemwona, adabu anayo, na kazi yake ameisikia. Jibu atalitoa akishamwona kwa macho yake dirishani kwake.

Nikacheka, nikasema karibu sana. Niliona ni jambo la busara, mzee kutaka kuona ninavyoning'inia. Nilikuambia mimi ni mzito.

Asubuhi aliyokuja, nilikuwa tayari juu ya paa, nimeshajifunga, nakagua kamba. Simu ikalia. Alikuwa yule binti, na haikuwa kawaida yake kunipigia wakati huo.

"Mjomba yuko kwenye treni," akasema. "Nimemsindikiza stesheni mwenyewe. Amevaa kanzu ya Idi."

"Anakaribishwa. Mbona unaongea kama mtu aliyekabwa?"

"Sikiliza. Anasema atachukua namba, atakaa foleni kama watu wote, mpaka afike dirishani kwako umhudumie."

"Nimhudumie nini?"

"Aliniuliza," akasema, "dirisha namba ngapi."

Kibao kinachozunguka, kiyoyozi kibovu, nguo ya shingoni, dua ya mama, kuku wa watu. Vyote vilinirudia kwa mpigo. Niliona aibu ya kijiji kizima. Nikamwambia ampigie mjomba amweleze. Akasema mjomba huwa anaizima simu yake, anaiwasha akitaka yeye kupiga.

"Akisema hapana?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Hakuna wa kumwendea juu yake," akasema, na nikasikia analia.

Nilimtaka yule binti kwa moyo wangu wote. Sina namna nyingine ya kulisema hili. Na mzee aliyepanda treni kwenda kumwona mchumba wa kwenye tai, akamkuta wa kwenye ndoo, ana haki ya kusema amedanganywa.

Nilimwomba msimamizi ruhusa, akaniambia upepo mzuri kama ule hauachwi na kamba zimeshafungwa. Nishuke mstari mmoja, kisha niende nikaoe. Nikapiga hesabu zangu. Mzee atafika adhuhuri, mimi nitakuwa chini mapema, nitampokea mlangoni, nitamweleza taratibu kabla hajaingia. Hesabu nzuri kabisa, isipokuwa niliipiga ya basi. Sisi tuliokulia kwenye mabasi ya Morogoro bado hatujaizoea treni hii ya umeme. Ukisema tu bismillahi, umefika.

Nilishuka siku ile nikitazama barabara kuliko kioo. Mtani wangu aliyekuwa kwenye kamba ya jirani alishaelezwa yote, na kwa mara ya kwanza hakusema habari za boga. Mkubwa wa hotuba alikuwepo. Mama wa mihogo alikuwepo. Nikaosha, nikashuka, nikaosha, mpaka tukafika kwenye vioo virefu vya chini kabisa, vile vya ukumbi wa benki.

Nilipangusa povu la kwanza, na kwenye njia safi iliyobaki nikamwona mjomba.

Alikuwa ameketi mstari wa mbele, kanzu nyeupe, kofia yake, kikapu cha ndizi magotini, kile kikaratasi cha namba amekishika kwa vidole viwili. Kwenye kila dirisha palikuwa na kijana, na yeye alikuwa anawatazama mmoja mmoja usoni, anamaliza mstari, anaanza upya. Namba yake ikaitwa. Akamwashiria mama mmoja aliyekuwa nyuma yake apite. Alikuwa ananisubiri mimi.

Ningeweza kujificha. Kamba inaruhusu, unajivuta pembeni kwenye nguzo unasubiri. Lakini nilipoiona ile shingo yake ndefu ikinitafuta kwa watu wasio mimi, sikuweza. Nikagonga kioo.

Ukumbi mzima ukageuka. Mjomba akageuka mwisho. Akaniona: helmeti, mikanda kifuani na mapajani, ndoo pembeni, miguu hewani. Alinitazama, akatazama juu kule kamba inakotokea, akazidi kuinua kichwa mpaka kofia ikamdondoka, kitu ambacho sikuwahi kukiona. Nikasema shikamoo. Bila shaka hakuna alichosikia. Nikainamisha kichwa, nikasema tena. Midomo yake haikutikisika.

Mtu mzima asipoitika shikamoo yako, kwetu hakuna jibu baya kuliko hilo. Na sikujua kama hajaitika kwa kuwa hakusikia au kwa kuwa amekataa. Nikachota povu ndani ya ndoo, nikalipaka kwenye kioo, na kwa kidole nikaandika herufi kubwa kubwa, moja moja: SHIKAMOO.

Mjomba akatoa miwani mfukoni. Akasoma. Akakunja uso. Akainamisha kichwa upande, akasogeza midomo kama anayetafuna kitu kigumu. Watu walishatoa simu zao wanatupiga picha.

"Mtani!" mwenzangu akaniita kwa sauti ya chini. "Kwa aliye ndani umeandika kinyume."

Nilitaka kufuta, nikaona kufuta shikamoo ni kubaya zaidi. Mjomba akavua miwani. Akaokota kofia, akaivaa, akachukua kikapu chake cha ndizi, akageuka, akatembea polepole kuelekea mlangoni. Hakutazama nyuma.

Nilibaki nimening'inia pale, povu linateremka, herufi zinachuruzika. Niliiona ndoa yangu ikitoka nje na kikapu cha ndizi. Nililia, sioni haya kusema, na machozi kwenye kamba hayana pa kufichwa. Mtani wangu alitazama pembeni kwa heshima.

Ndipo sauti ikaja kutoka chini, nyuma yangu, upande wa barabara. Walinzi waliruka. Mwenye pikipiki alisimama. Ilikuwa ile sauti ya ng'ambo ya korongo, haijawahi kutumika kati ya majengo ya vioo, na ikagonga jengo moja ikaenda la pili ikarudi.

"Marahabaaa!"

Nikageuka na kibao changu, maana kinazunguka. Mjomba alikuwa amesimama nyuma ya utepe wa tahadhari, kikapu kichwani, mikono imezunguka mdomo.

"Marahaba, baba! Shuka basi tuongee!"

Sijui nilishukaje. Najua tu kwamba miguu ilipogusa chini ilikataa kunishika, nikajikuta nimepiga magoti mbele yake, jambo ambalo lilionekana kama adabu na nikaliacha lionekane hivyo.

"Nilianza kushoto," akasema, bila hata kuuliza hali. "Nikapata 'oomaki'. Nikajiuliza, huyu kijana ananitukana kwa lugha gani? Halafu nikakumbuka chuoni, tukisoma Kurani, tulikuwa tunaanza upande wa kulia. Nikaanza kulia, kama msahafu, ikaja yenyewe. Sasa salamu imenijia, nitaiitikiaje mbele ya kioo? Ndiyo nikatoka nje."

Nilimweleza yote hapo hapo, dirisha langu na dirisha lao, mama na kuku na nyanya za bure. Alisikiliza akila ndizi. Kisha akaomba kamba. Akaivuta kwa uzito wake wote, akaangalia fundo.

"Nani kafunga hii?"

"Mimi, mjomba."

"Na ukidondoka? Mwanangu abaki mjane?"

"Kuna kamba ya kufanyia kazi, na kuna ya pili ya kuniokoa."

"Na hiyo ya pili ikikatika?"

"Hapo ni Mungu, mjomba."

"Hm," akasema. "Hata shambani kwangu ni Mungu."

Akampa mtani wangu ndizi, akanipa mimi ndizi, akasema amesikia. Jibu atalitoa mbele ya wenyewe. Akarudi stesheni na treni yake, akaniacha na 'amesikia', neno ambalo ukilitafuna siku nzima halina ladha ya ndiyo wala ya hapana.

Mama nilimweleza mwenyewe, Mlali, pale pale uani. Nilitegemea aogope urefu, kumbe aliogopa kitu kingine.

"Na mimi nilivyotangaza," akasema. "Mpaka msikitini kwa akina mama nimetangaza. Nitaificha wapi sura yangu?"

"Nisamehe, mama."

"Nikusamehe nini? Ulisema dirisha. Dirisha ni dirisha." Akanitazama miguu, kisha mikono, kana kwamba anahakikisha vyote vipo. "Hizo kamba ni mbili kweli?"

"Mbili, mama."

"Basi tumsubiri mjomba wa watu."

Kikao kilifanyika Kilakala, nyumbani kwa binti. Bwana harusi haingii kwenye kikao kinachomjadili. Nikaambiwa nikae nje, nikapewa kigoda, na mwenye kigoda akakiweka chini ya dirisha la sebule. Hakuna aliyekusudia. Nikakaa pale, dirishani, upande wa nje, kama kawaida yangu, nikisikia kila kitu na nisionekane na mtu.

Walisalimiana, wakaomba dua, wakala tende. Mshenga akasema maneno yake ya mzunguko. Kisha kikongwe mmoja wa kwao, ambaye masikio yake yalikuwa yamechoka, akauliza kwa sauti: "Na huyo kijana anafanya kazi gani?"

Nilimsikia mama akikohoa, kikohozi chake cha woga ninachokijua tangu utoto. Kila mtu ndani mle alikuwa ameambiwa benki. Nikashika kigoda kwa mikono miwili.

"Nimekwenda mwenyewe," mjomba akasema, na redio ya baba mtu ikazimwa. "Nimemkuta dirishani. Ila yeye yuko upande wa nje. Anaosha vioo vya jengo lote lile kwa kamba, kutoka juu mawinguni mpaka chini."

Watu wakaguna. Mmoja akasema, kumbe si mtu wa benki. Mwingine akasema, tuliambiwa dirishani.

"Ngojeni nimalize," akasema mjomba. "Upande wa ndani walikuwepo vijana wengi, wamevaa tai, wanapendeza. Nimekaa mbele yao mpaka kiti kikapata moto. Hakuna aliyeniamkia hata mmoja. Waliniita kwa namba. Aliyeniamkia ni huyo aliyekuwa ananing'inia. Alisema, sikusikia. Akasema tena, sikusikia. Akaniandikia kwa sabuni. Mtu ambaye miguu yake haina pa kukanyaga na bado anaitafuta marahaba yangu, mimi namnyima nini? Binti ni wake."

Vigelegele havikuja papo hapo, kwa sababu kikongwe hakuwa amesikia vizuri. "Dirisha namba ngapi?" akauliza.

"Yote, mama," mjomba akamjibu. "Yote ni ya kwake."

Hapo ndipo nyumba ilipolipuka. Nilisikia kigelegele cha mama kikiwa juu ya vyote. Mtu akavuta pazia. Nikainuka kwenye kigoda, nikajikuta uso kwa uso na ukoo mzima: mjomba, baba na redio yake, akina mama kwenye mkeka, na nyuma kabisa, mlangoni, yeye mwenyewe kajifunika ushungi, anacheka huku analia.

Dirisha lile halikuwa na kioo. Lilikuwa na wavu wa mbu tu. Nikasema shikamooni, na wakaitika wote.